Kuzuia Matusi Hewani na Nyumbani: Mwongozo wa Mtayarishaji wa Redio Mombasa

Mimi ni mtayarishaji wa kipindi cha asubuhi katika redio moja hapa Mombasa, kipindi ambacho watu hupiga simu kulalamikia maji, feri, barabara na bei ya unga. Nakaa nyuma ya kioo. Napokea simu, naamua nani aingie hewani na nani asubiri, na mkono wangu hauendi mbali na miksa. Vijana wanaokuja kujifunza kazi huniuliza jambo moja kabla ya mengine yote: mtu akitukana, nabonyeza wapi? Nawaonyesha kitufe, kisha nawaambia kwamba ukifika pa kubonyeza, sehemu kubwa ya kazi ishakupita. Sehemu hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza. Nitagusa ya nyumbani pia, kwa sababu tusi lililopita redioni asubuhi utalisikia jioni kwa mtoto wa jirani.

Jua kwanza unazuia nini

Ukitaja matusi, wengi hufikiria matusi ya nguoni peke yake. Hayo sitayaandika hapa. Msomaji wa pwani anayajua. Ni mabaya, na baya kuliko yote ni lile la mama, ambalo watu wamepigana kwalo hadi damu ikamwagika. Lakini kuna kundi la pili ambalo mimi naliona ni baya zaidi: maneno ya kumdharau mtu kwa kabila lake, asili yake, ulemavu wake, rangi yake, au kwa kuwa ni mwanamke asiye na mume. Mtu anaweza kuyasema kwa sauti ya upole kabisa, bila neno hata moja la nguoni, na fundi mitambo aliyefundishwa kusikiliza viungo vya mwili akayapitisha yote.

Tusi la nguoni humpata mtu mmoja, na hasira zikishuka aliyelisema huomba radhi. Ukisema "wakuja", yaani watu waliokuja tu na si wa hapa, hewani umempata mtu aliyezaliwa Changamwe, akasoma Changamwe, akazaa Changamwe, na hana kwao kwingine pa kurudi. Aprili 2022, miezi michache kabla ya uchaguzi wa Agosti, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya chuki ambayo ilitaka wanasiasa na vyombo vya habari wayaepuke. Humo mlikuwamo madoadoa, kwekwe, mende na hilo la wakuja. Usilione neno mende kuwa dogo. Redio ya Rwanda mwaka 1994 iliwaita Watutsi mende siku baada ya siku, na watu wakauawa kama wadudu. Orodha ya namna hiyo ichapishe uibandike ukutani karibu na saa ya studio, mahali ambapo mtangazaji hawezi kukosa kuiona. Na ajue kuwa sheria ya uwiano ya mwaka 2008, kifungu cha 13, inaruhusu faini ya hadi shilingi milioni moja, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Kifungu cha 33 cha Katiba kinachotupa uhuru wa kusema ndicho hicho hicho kinachosema uhuru huo haufiki kwenye matamshi ya chuki.

Kundi la tatu ni mafumbo, vijembe na mipasho. Hapa mimi ni mtetezi. Pwani yetu imelelewa kwa mafumbo. Mwanamke humjibu jirani yake kwa maandishi ya leso bila kufungua mdomo, na ujumbe ukamfika jirani. Sikati fumbo kwa sababu tu lina maana ya chini. Ninachouliza ni kama limemlenga mtu anayejulikana. Fumbo linalozungumzia wivu au mapenzi nalipitisha, hasa usiku. Fumbo lenye jina la mtaa, rangi ya nyumba na kazi ya mume nalikata, maana wasikilizaji wa mtaa huo tayari wanaangaliana.

Kuhusu saa: Kenya hapa, kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku ni wakati ambao vipindi vyote vinapaswa kuwafaa watoto. Uingereza televisheni zao huanza kulegeza saa 3 usiku. Marekani kulegeza ni kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi, baada ya kesi ya mwaka 1978 ambayo chanzo chake kilikuwa redio iliyorusha maneno machafu mchana, baba mmoja akayasikia akiwa garini na mwanawe. Saa 4 ikipita hapa kwetu, usidhani mlango uko wazi. Kanuni za Utangazaji za mwaka 2009 zinakataza lugha ya matusi na ya kukufuru, na maneno ya kuchochea chuki hayana saa yake.

Kabla hujamwingiza mpigaji

Hapa ndipo penye kazi. Msalimie kwa heshima ya umri wake: shikamoo baba, shikamoo bi mkubwa, vipi kaka. Mtu aliyekwisha kukuitikia marahaba amejiweka kwenye nafasi ya mzazi, na ni vigumu kwake kutukana kutoka hapo. Muulize jina na anakopigia. Muulize shida yake kwa sentensi moja. Wakati anajibu, wewe sikiliza kilicho nyuma yake. Ukisikia vijana wakicheka na mmoja ananong'ona "sema, sema", hiyo simu imewekwa spika maskani na huyo ametumwa. Mwambie utampigia baadaye. Ukisikia muziki mkubwa na glasi asubuhi na mapema, fanya vivyo hivyo. Mtu mwenye hasira za kweli ni jambo jingine. Huyo ndiye unayemtaka hewani.

Siku moja alipiga mzee wa Mshomoroni. Nilimpa shikamoo, akaitikia, na sentensi yake ya kwanza ilikuwa ya nguoni kuhusu watu wa maji.

"Baba, nakusikia. Maji yalikatika lini?"

"Ijumaa. Si hii, ile nyingine."

"Na mtungi wauziwa ngapi?"

"Wa mkokoteni wanitaka hamsini! Hamsini, mwanangu, na nina mgonjwa ndani!"

"Basi anza na hiyo hamsini. Saa hii watoto wavaa sare, na mama zao wako kando ya redio. Wataka wakusikie wewe au walisikie lile neno?"

Akanyamaza kidogo. "Haya. Niweke."

Hewani alieleza bei, akaeleza mgonjwa anavyooshwa, akaeleza bomba linavyotoa upepo. Kuna mahali sauti ilipanda, akaanza, "Hawa watu ni ma...", na mtangazaji wangu akaingia hapo hapo: "Mzee wangu, mitungi mingapi kwa siku?" "Minane," akasema, na akaendelea na hesabu ya mia nne kila siku. Tusi halikutoka, na mia nne hiyo ndiyo iliyozungumzwa hadi saa za adhuhuri.

Mfundishe mtangazaji wako kuingia na swali la idadi, la bei au la tarehe. Usimfundishe kusema "tafadhali usitukane", maana neno hilo humkumbusha mtu kile alichokuwa karibu kukisema, tena humfanya aone unawatetea anaowalalamikia. Anayepiga hesabu kichwani hasira zake hupata njia ya kutokea.

Likitoka je?

Kipo kifaa cha kuchelewesha matangazo. Sauti ya studio hukaa ndani yake sekunde chache kabla ya kwenda hewani, na ukibonyeza kitufe sekunde hizo hufutwa. Kama redio yako inacho, kijaribu kila asubuhi kabla ya kipindi: mtu aseme neno la majaribio, bonyeza, hakikisha halikusikika kwenye redio ya kawaida iliyoko nje ya studio. Redio nyingi ndogo hazinacho. Hapo unabaki na mkono wako: teremsha sauti ya simu, usiizime kwa kishindo, na mtangazaji aendelee.

Mtangazaji asicheke. Hili nalisisitiza kuliko lolote, kwa kuwa cheko lake ndilo tangazo la kuwaita wengine. Asilirudie neno, hata kwa kulilaani. Aseme tu: "Simu hiyo tumeikata. Wasikilizaji, tunawaomba radhi kwa neno mlilosikia. Tulikuwa kwenye suala la maji." Kisha asome ujumbe wa msikilizaji mwingine ili kujaza pengo.

Aliyetukanwa akiwa mtangazaji mwenyewe, na hasa akiwa mwanamke, kata papo hapo bila onyo. Watangazaji wetu wa kike hupigiwa simu na watu wasio na hoja yoyote ila kutaja miili yao na ndoa zao. Kuna wasimamizi wanaowaambia kwamba uvumilivu ni sehemu ya kazi. Si kweli. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inayahesabu maneno ya kingono kazini kuwa unyanyasaji, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera iliyoandikwa. Iombe sera hiyo uisome.

Baada ya kipindi, andika kwenye daftari: saa, nambari, mada, aina ya neno, na nani aliikata. Kisha mpigie mtu huyo. Ndiyo, mpigie. Wengi huwa wameshapoa na wanaona haya, na baadhi yao wamekuwa wapigaji wangu wazuri kabisa. Anayerudia, nambari yake pumzisha.

Habari na nyimbo

Mwanahabari akirudi kutoka mkutano wa siasa na sauti ya mheshimiwa akitukana, usiirushe kwa kuwa inachekesha. Maadili ya wanahabari chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013 yanasema lugha chafu iepukwe isipokuwa habari yenyewe inaihitaji kwa maslahi ya umma. Mara nyingi inatosha kueleza aina ya tusi: "alimtolea mpinzani wake tusi la mama", "alitaja kabila la mpinzani kwa dharau". Msikilizaji ameelewa uzito wake na mtoto hakujifunza kitu. Kwa wanaoandika, siipendi ile tabia ya kuweka herufi ya kwanza na nyota tatu. Kila msomaji hulijaza mwenyewe, na mtoto humuuliza mwenzake.

Nyimbo zinahitaji masikio ya watu wawili. Mmoja awe kijana anayejua Sheng ya wiki hii, maana neno lililokuwa safi mwezi uliopita huenda limegeuzwa. Wa pili awe mtu mzima aliyekulia kwenye taarabu, atakayelisikia fumbo ambalo kijana analipita hivi hivi. Wasikilize wimbo mzima kwa hedifoni, mwanzo hadi mwisho, na ile beti ya mwisho ambayo ikifika watu huwa wameshaanza kuzungumza. Muombe msanii toleo la redio, wengi wanalo. Kama hana, nyamazisha sauti yake peke yake na mdundo uendelee. Ile milio ya "piiip" mimi siitumii, kwa sababu humwonyesha msikilizaji ni wapi hasa aweke neno. Wimbo ukihitaji kunyamazishwa kila mstari, uache.

Mtaani

Ukiwa na mtoto kwenye matatu na nyimbo ni chafu, zungumza na kondakta kabla hujakaa na kabla hujalipa, kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nina mtoto, tupunguzie." Aghalabu atapunguza au atabadilisha. Ukimpigia kelele kutoka kiti cha nyuma umemwaibisha mbele ya abiria, naye atakujibu. Kama ni filamu, angalia alama ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu: GE ni ya watu wote, PG mzazi awe karibu, 16 na 18 ni umri. Filamu ya 18 haina kazi kwenye gari la abiria mchana.

Mtu akikutukana wewe barabarani, usianze kujitetea kwamba wewe si malaya au si mwizi. Akutukanaye hakuchagulii tusi. Ameokota lililokuwa karibu. Mtazame, sema "nimekusikia", ondoka. Akikufuata, simama penye watu: dukani, penye kahawa, penye askari. Kutumia maneno ya kutisha au ya matusi hadharani kwa nia ya kuvuruga amani ni kosa chini ya kifungu cha 94 cha Kanuni ya Adhabu, kwa hivyo una haki ya kwenda kituoni, na shahidi mmoja aliyesikia anakufaa kuliko majibu yako kumi.

Nyumbani

Mtoto akileta neno, usicheke hata kama amelitamka kwa ulimi wa kitoto. Mgeni akicheka, mtoe nje mgeni kwa heshima kabla hujazungumza na mtoto. Na pilipili mdomoni, ambayo wazee wetu waliitumia, iache. Inamfundisha mtoto mahali pa kulisema, yaani mbali na wewe, na inamuumiza. Kaa naye umuulize: umelisikia wapi? Wajua maana yake? Mara nyingi hajui. Mwambie kwa maneno ya umri wake kwamba limetaja mwili wa mama wa mtu, na kwamba watu huumia wakilisikia. Kisha mpe la kutumia akikasirika: "wanichosha", "niache", "hilo sikulipenda". Mtoto ana haki ya kukasirika, na usipompa neno safi la hasira atalirudia lile aliloliokota. Mweleze ustadhi na mwalimu wa shule unavyolishughulikia, ili asipate majibu matatu tofauti.

Angalia pia maneno ya dharau yanayopita sebuleni kana kwamba ni ya kawaida. Tuseme mtu mwenye ualbino. Zeruzeru ni neno lililowatanguliza watu kwenye mauaji. Anayeumwa akili ni mgonjwa, tusimwite mwehu mbele ya watoto. Na wewe unayeendesha gari ukakwama kwenye foleni ya Buxton na tuktuk ikakuchomekea, unachokisema pale ndicho mwanao aliye kiti cha nyuma atakachokipeleka shuleni.

Kwenye simu

Kurasa za kijamii hukuruhusu kuandika orodha ya maneno usiyotaka yaonekane kwenye maoni yako. Ijaze mwenyewe, kwa sababu orodha za kampuni hizo kwa Kiswahili ni dhaifu. Andika tusi katika sura zake zote: lenye herufi zilizobadilishwa kuwa tarakimu, lenye nukta katikati, lililogeuzwa silabi kwa Sheng. Lakini kabla hujaingiza yale mafupi ya herufi nne, jaribu kwanza kama kichujio hukamata neno zima au hata kipande. Kikikamata kipande, kila atakayeandika "kumaliza" au "kumaanisha" maoni yake yatafichwa, na utaambiwa unabagua watu.

Kundi la WhatsApp la mtaa au la wazazi liwe na kanuni moja fupi juu kabisa, kwamba hakuna matusi, hakuna kabila, na kwamba kiongozi atafuta bila kuuliza. WhatsApp humruhusu msimamizi kufuta ujumbe wa mwanachama kwa wote. Futa, kisha mwandikie faragha: "Ndugu yangu, nimefuta ujumbe wako kwa sababu ya neno fulani. Hoja yako iandike tena." Usimkemee mbele ya kundi. Wakiwa wawili wanarushiana, funga kundi ili wasimamizi peke yao waweze kuandika, subiri hadi baada ya isha, fungua.

Kulalamika

Ukisikia tusi au chuki kwenye redio au televisheni, anza na kituo chenyewe. Kila kilichopewa leseni kinatakiwa kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko na kuwatangazia watu utaratibu huo. Usiporidhika, nenda Mamlaka ya Mawasiliano. Kama kosa ni la mwanahabari katika habari yake, ipo Tume ya Malalamishi chini ya sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari. Ukiwa na rekodi ya simu, hata ya sekunde chache, ihifadhi. Taja kituo, tarehe, saa, jina la kipindi, nani alisema, na kama mtangazaji alikata au alicheka. Wengi huandika "alitukana vibaya sana" na barua hiyo haiendi popote, kwa kuwa anayeisoma hawezi kupima uzito wa kitu asichokiona. Kwenye barua hiyo, neno liandike kamili, herufi zote, kama lilivyotamkwa.